Doorstop: zana ya mahitaji isiyokwama bando likiisha

Timu ya watu watatu inayoandika mfumo wa kupokelea samaki mwaloni Kirumba, Mwanza, inahitaji pa kutunzia mahitaji, yaani mambo ambayo mfumo lazima uyafanye, ila haina haja ya IBM DOORS, zana kubwa ya kazi hiyo. Hiyo ni ya watengeneza ndege na magari. Jira, programu ya tiketi za kazi kutoka Atlassian, ni nzuri kwa kugawana kazi, na mpango wake wa bure unabeba watumiaji 10. Ila tiketi hufungwa kazi ikiisha, wakati hitaji linabaki hai mpaka siku mfumo utakapozimwa. Tena Atlassian iliacha kuhudumia toleo la Server, lile la kuweka kwenye kompyuta zako mwenyewe, Februari 2024, kwa hiyo timu ndogo inabaki kutegemea intaneti.

Doorstop ni ya bure na inaendeshwa kwa Python. Kila hitaji ni faili dogo la YAML (maandishi ya kawaida yaliyopangwa) ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mafaili, basi umeme ukikatika Nyegezi unaendelea kwenye laptopu. Bando linahitajika mara moja, kwa pip install doorstop. Halafu, ndani ya folda ya Git, unda orodha ya mahitaji (MAH) na ya majaribio (JAR), ongeza moja kwa kila orodha, kisha unganisha jaribio na hitaji lake:

doorstop create MAH mahitaji
doorstop create JAR majaribio --parent MAH
doorstop add MAH
doorstop add JAR
doorstop link JAR001 MAH001

Ubora wake uko kwenye viungo. Tuseme MAH007 inataka mfumo ukatae sangara wa chini ya sentimita 50, na JAR012 ndilo jaribio lake. Kanuni ikibadilika na mtu akagusa maandishi ya MAH007, ukiandika doorstop pekee unaonywa kwamba MAH007 haijapitiwa upya na kiungo cha JAR012 kina shaka. Unalisoma jaribio, unalirekebisha, unaandika doorstop review MAH007 na doorstop review JAR012, kisha doorstop clear JAR012. Excel haikuambii chochote: namba inabadilika kwenye seli, jaribio la zamani linaendelea kupita, na kosa linagunduliwa kwenye mizani mbele ya wavuvi.

Kero zipo. Onyo halitofautishi sentimita na koma. Ukisahihisha tahajia kwenye mahitaji 30, unapata rundo la maonyo na lile la maana linazama humo. Sahihisha tahajia peke yake, safisha maonyo yake yote, ndipo uguse maana. Kero ya pili inauma zaidi: wawili wakiongeza hitaji kila mmoja kwenye tawi lake (nakala yake ya kazi ndani ya Git), wote hupewa namba ileile, na Git inagoma wakati wa kuunganisha matawi. Vuta kwanza kazi ya wenzako, ongeza hitaji, sukuma kwao papo hapo, hata kama maandishi bado hayajakamilika.

Mteja hatafungua YAML, wala usimlazimishe. Mpe jedwali kwa doorstop export MAH mahitaji.xlsx, aandike maoni yake kwenye safu ya pembeni, na mwambie safu ya uid, yenye namba za mahitaji, haiguswi. Maoni hayo yaingize kwa mkono. Amri ya import, ya kurudisha jedwali ndani ya Doorstop, ipo, lakini kumkabidhi mahitaji yako mtu aliyezoea kupanga upya safu ni kujitafutia balaa. Nakala ya kusaini itoe kwa doorstop publish MAH mahitaji.html, ifungue kwenye kivinjari, chapa.

Kama hakuna hata mmoja kwenye timu anayeijua Git vizuri, achaneni na Doorstop kwa sasa. Tumieni Excel yenye safu nne: namba isiyorudiwa hata hitaji likifutwa, maandishi, namba ya jaribio, na tarehe jaribio liliposomwa mara ya mwisho. Faili likae kwa mtu mmoja.