Quasimoto na Madvillain: Mhusika wa Kubuni Anapopimwa kwa Sikio (Uchambuzi)

Assalaam alaykum watazamaji, karibuni. Leo mezani zipo albamu mbili za hip hop ya pembeni, ile isiyopigwa harusini wala kwenye daladala ya Mwanakwerekwe. Ya kwanza The Unseen ya Quasimoto, 2000. Ya pili Madvillainy, 2004. Zote zimetolewa na lebo ya Stones Throw, California, na zote zina mkono wa prodyuza mmoja, Madlib, mtoto wa Oxnard.

Sizipimi kwa biti, biti zake zimeshasifiwa vya kutosha. Napima mhusika wa kubuni. Wachanaji wetu hapa Unguja utamkuta mtu ana a.k.a nne, lakini fumba macho usikilize: sauti ile ile, majigambo yale yale. Hayo ni majina tu. Mhusika lazima ajue jambo ambalo mwenziwe halijui, au athubutu kulisema pale mwenziwe anaponyamaza.

Sasa Quasimoto, au Lord Quas. Ni Madlib mwenyewe, ila sauti imepandishwa mpaka ikawa nyembamba kama ya mtu aliyevuta gesi ya puto. Kwenye jalada ni mdude wa katuni mwenye pua ndefu. Madlib anabaki na sauti yake nzito, ya mtu aliyechoka kidogo, na Quas ndiye jeuri: anatukana, anatisha, anajitapa kuwa mbaya. Wanachana pamoja kwenye ngoma moja na hata siku moja huwachanganyi. Juu yao zinaingia sauti za Melvin Van Peebles, zimekatwa kutoka kwenye rekodi zake, anakuwa kama mtu wa tatu barazani.

Mbinu yenyewe ni ya mkanda: unapunguza kasi, unachana polepole, halafu unaurudisha kwenye kasi ya kawaida. Kwa kompyuta fanya hivi. Tuseme biti ni BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Ishushe hadi 72, rekodi mistari yako juu yake, kisha iongeze kasi rekodi ya sauti kwa asilimia 25. 72 mara 1.25 inarudi 90 barabara, na sauti imepanda karibu nusu-toni nne, yaani ngazi ndogo nne za muziki. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi, tumia kifaa kile kinachobadilisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, siyo cha kimo peke yake. Cha kimo peke yake kinaipandisha sauti, lakini ule mwendo wa mtu aliyechana polepole akaharakishwa huupati, na huo ndio unaomfanya Quas awe kiumbe kingine. Ukishuka mpaka 60 na kupandisha kwa asilimia 50, unafika nusu-toni saba. Hapo unapata kikaragosi, na maneno huyasikii tena.

Wengi huharibu wapi? Biti ikiwa polepole unaona nafasi, basi unaijaza maneno. Ikirudi 90 yamesongamana, na Kiswahili chetu silabi nyingi. Punguza maneno, yatamke kwa kuyakaza mdomo, hasa mb, nd na ng. La pili, s na sh: mkwaruzo uliokuwa kHz 6 unahamia 7.5 na unachoma masikio, kwa hiyo usiielekee maiki usoni, igeuze pembeni kidogo, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. La tatu ni feni. Najua joto, lakini zima feni wakati wa kurekodi, maana mvumo wake nao unapandishwa na unageuka mluzi. Na kama kiitikio unaimba, biti uishushe kwa njia ile ile inayoshusha na kimo. Ukishusha mwendo tu, sauti ikirudi juu itakuwa nusu-toni nne nje ya biti.

Madvillainy sasa. Hapa Madlib yuko na MF DOOM, wawili hao wakijiita Madvillain. DOOM ni yule wa barakoa ya chuma aliyejijenga kwa sura ya Doctor Doom wa vitabu vya katuni vya Marvel. DOOM hagusi sauti yake hata kidogo. Kazi yote iko kwenye mtazamo: anajitaja kwa nafsi ya tatu, kama anasimulia habari za jambazi fulani anayemjua. Sikiliza Fancy Clown. Anayechana anaitwa Viktor Vaughn, analalamika kuwa mpenzi wake anamsaliti na jamaa mwenye barakoa. Vaughn ni DOOM, na mwenye barakoa ni DOOM. Mtu kajiibia mwenyewe! Quas naye anapita humo humo, kwa hiyo watu hao wawili peke yao wanatoa wahusika wanne.

Kwangu mie hili la DOOM ni gumu zaidi, kwa sababu halina kifaa cha kujifichia. Ila ukitaka kujifunza anza na Quas, makosa yake unayasikia mara moja.

Na visiwani malighafi tunayo. Kibati cha Pemba ni majibizano ya papo kwa papo, mwendo wa kasi. Mchanaji akimpa mhusika wake Kipemba au Kimakunduchi na yeye akabaki na Kimjini, sauti mbili tayari, bila kompyuta. Ila awe anakisema kweli. Akikiigiza ili watu wacheke, mhusika kafa palepale.

Ukishazimaliza hizi, tafuta Dr. Octagonecologyst ya Kool Keith, 1996, daktari kutoka sayari ya Jupita. Mwaka 1999 Keith akaja na Dr. Dooom na kumuua Octagon mwenyewe. Huyo Dooom ana o tatu, usimchanganye na wa barakoa unapotafuta.

Kuhusu bando: Madvillainy ni dakika 46, kwa ubora wa sauti wa kbps 320 inakula kama MB 110, kwa 96 kama MB 33. Usishuke huko kwa albamu hizi, mikwaruzo ya santuri imewekwa makusudi na ikibanwa inakuwa kelele tupu. Na zote zina matusi na bangi za kutosha, basi vaa spika za masikioni, usizifungulie sebuleni.