Uzoefu wangu: kutafuta izakaya nyingine Tokyo baada ya ile ya Nakano kufungwa

Izakaya (baa ya Kijapani ya vinywaji na vyakula vidogo vidogo) niliyoizoea pale Nakano imefungwa. Mzee mwenyewe alichoka, watoto wake wana kazi zao, akabandika karatasi mlangoni ya kuwashukuru wateja, basi. Tokyo haina upungufu wa izakaya. Toka kituo chochote cha treni utaona zile taa nyekundu za karatasi. Kazi ni kumpata mpishi anayejali.

Nilianza na Torikizoku kwa sababu matawi yake yametapakaa. Ilianzia Osaka mwaka 1985, karibu kila kitu kwenye menyu ni bei moja, na mishikaki yao ya paja na vitunguu majani ni mikubwa, inashibisha. Tukiwa kundi bado tunaenda huko. Omoide Yokocho ya Shinjuku nayo nilipenda moshi na kichochoro chake chembamba, ila watalii ni wengi, unakula huku unahisi mtu anakisubiri kiti chako.

Niliyotulia nayo sasa iko Koenji, chini ya reli ya Chuo. Kaunta fupi, taisho (ndivyo wateja wanavyomwita mwenye duka) na mkewe, na treni ikipita juu glasi zinatikisika.

Kilichonivuta ni otoshi. Kwa msiojua, ukikaa tu izakaya unaletewa kibakuli ambacho hukuagiza, na kinaingia kwenye bili, mara nyingi yen 300 hadi 500. Wageni wengi hukasirika, wanaona wameibiwa. Mimi ndicho ninachopimia jiko zima. Kwingine nimeletewa edamame (soya changa za kuchemsha) za friza, bado zinachuruzika maji. Hapa nililetewa figili nyeupe iliyochemshwa taratibu na mabawa ya kuku mpaka ikageuka rangi ya asali, ya moto, na haradali kidogo pembeni. Mtu anayehangaika hivyo kwa chakula ambacho hakuna aliyekiagiza, mengine namwachia achague mwenyewe.

Naye hakuniangusha. Agizeni firigisi na tsukune, ile nyama ya kuku ya kusaga iliyochanganywa na gegedu, na muombe za chumvi. Mishikaki yetu tunailoweka kwa tangawizi, kitunguu saumu na papai; hii ni chumvi tupu juu ya mkaa wa binchotan, mkaa mgumu wa mwaloni wenye moto mkali na moshi mdogo, kwa hiyo kuku akiwa wa juzi hana pa kujificha. Firigisi zake zinakatika kwa jino bila kuwa mpira. Halafu kuna hokke, samaki aliyepasuliwa na kuanikwa kabla ya kuchomwa, mafuta yanalia kwenye ngozi. Huyo ukimlia na wali, utanikumbuka.

Sinywi pombe, na hilo kwenye izakaya si jambo dogo kwa sababu faida yao kubwa iko kwenye vinywaji. Naagiza chai baridi ya oolong, na hapa sijawahi kutazamwa vibaya. Waislamu wenzangu mnaoshika halali mjue: mchuzi wa tare unaopakwa kwenye mishikaki kwa kawaida una mirin na sake, ambazo ni pombe za mchele, na kuku si wa halali. Kaeni upande wa samaki wa chumvi, na muulize kabla.

Sigara hakuna. Tangu Aprili 2020 Tokyo inabana uvutaji kwenye sehemu za kula zenye waajiriwa. Duka la mtu na mkewe linaruhusiwa kuamua lenyewe, na huyu kaamua hapana. Namshukuru sana kwa hilo.

Menyu imeandikwa kwa mkono, Kijapani kitupu, na malipo ni taslimu. Bila pombe nashiba kwa yen 3,000 na ushee. Fikeni saa kumi na moja jioni wanapofungua. Saa moja usiku hamtapata kiti, na Jumamosi msijisumbue.