Diski za mbele za Subaru STI: uzoefu wangu Dubai Autodrome

Kwa mwenye Subaru Impreza STI anayeipeleka uwanja wa mbio, nashauri hivi: nunua diski nzito, isiyo na matundu, yenye njia nzuri za hewa katikati, na pesa inayobaki itie kwenye pedi na mafuta ya breki. Mimi mbele nimefunga DBA 4000 za T3, za kampuni ya Australia, zile zenye michirizi (mifereji myembamba iliyochongwa usoni), na nyuma nimeweka diski bapa za kawaida, zisizo na michirizi wala matundu. Zimemaliza msimu mzima wa baridi hapa Dubai na bado ziko garini.

Gari ni hachibeki ya 2008. Kalipa za mbele, yaani vile vishikio vinavyobana pedi kwenye diski, ni Brembo za pistoni nne, diski ina kipenyo cha milimita 326 na unene wa milimita 30. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa ameifunga diski za matundu zisizo na jina la maana, na nilipovua tairi nilikuta nyufa zimetoka tundu moja hadi jingine. Ufa mdogo wa juu juu, usionasa ukucha, ni jambo la kawaida kwa diski iliyopata moto. Ule unaonasa ukucha, au uliofika ukingoni, hauna mjadala: diski inatoka siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuchagua nilikaa chini nikapiga hesabu. Gari na dereva ni kama kilo 1,580. Ukishuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80 kabla ya kona, breki inameza nishati ya jouli milioni mbili hivi. Tuseme asilimia 70 inakwenda mbele: kila diski ya mbele inapokea kama jouli 700,000 kwa sekunde chache. Kwa chuma cha kilo nane hivi, huo ni mruko wa joto wa digrii 170 na ushei kwa kukanyaga mara moja tu, na kona inayofuata haiko mbali. Raundi ya Dubai Autodrome ni kilomita 5.39, na hata Januari hewa ya hapa si baridi ya Ulaya. Ndiyo maana nasisitiza uzito. Chuma ndicho kinachobeba joto mpaka hewa ipate nafasi ya kulitoa, na kila tundu unalotoboa linapunguza chuma na kufungua mahali ufa utakapoanzia.

Matundu yalikuwa na kazi zamani, pedi zilipokuwa zikitoa gesi nyingi zinapopata moto. Pedi za leo hazina shida hiyo kwa kiasi kile. Najua Porsche 911 GT3 hutoka kiwandani na diski za matundu, na huwa natajiwa kila nikisema haya, lakini wengi wanaoziendesha kwa nguvu uwanjani huishia kununua za michirizi. Michirizi inafagia uso wa pedi na kuacha chuma kingi mahali pake.

Niliziangalia pia diski za vipande viwili, zenye kofia ya alumini katikati. Ni nzuri kweli: nyepesi, na pete ya chuma inatanuka kwa uhuru bila kuvutana na kofia. Lakini kwa bei yake napata diski nzima za kutosha kubadilisha zaidi ya mara moja, na diski ya uwanjani ni kitu cha kuisha, sawa na tairi. Kwa STI isiyoongezwa nguvu kupita kiasi sioni haja.

Kilichonivutia zaidi kwenye DBA 4000 ni alama tatu za rangi zilizopakwa ukingoni. Ya kijani hugeuka joto likifika digrii 457, ya chungwa digrii 550, na nyekundu digrii 630. Kwangu ya kijani iligeuka mapema, ya chungwa ikafuata nilipoanza kukaa uwanjani kwa vipindi virefu, nyekundu haijaguswa. Habari hiyo ina thamani kubwa. Nilikwenda dukani nikiwa na namba mkononi, nikasoma kiwango cha joto kwenye boksi la kila pedi, nikachagua kwa uhakika. Kwa mafuta natumia Motul RBF 600, ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye digrii 312, wakati kiwango cha chini cha DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, ni 230. Diski bora duniani haitakusaidia mafuta yakichemka na pedali ikazama sakafuni.

Kasoro zipo. Ukikanyaga breki kwa nguvu michirizi inatoa mvumo, na kioo kikiwa wazi unausikia waziwazi. Pedi zinaliwa haraka kidogo kuliko kwenye diski bapa. Anayetafuta gari la kimya la kumpeleka kazini anunue bapa, ambazo hata uwanjani zinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Fundi wangu wa Al Quoz, hapa Dubai, alisafisha kutu yote kwenye habu, kile kitovu diski inapokaa, kabla ya kufunga, na kazi hiyo isirukwe, kwa sababu chembe ndogo ya kutu huifanya diski iyumbe. Kisha nikazizoesha: kukanyaga kutoka kama 100 hadi 20, kurudia bila kusimama kabisa, halafu kuendesha taratibu mpaka zipoe. Usukani ukianza kutetemeka baada ya siku ya uwanjani, watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Ni pedi imeacha tabaka lisilo sawa, hasa kwa dereva anayeingia kuegesha na mguu bado uko kwenye breki huku diski inawaka. Kuzoesha upya kwa pedi kali huliondoa mara nyingi. Kupeleka kukereza sikubaliani nako kwa gari la mbio: unatupa chuma ulichokinunua kwa ajili ya joto, na diski hii mwisho wake ni milimita 28. Mbili tu za kuchezea, basi.

Kwa ndugu zangu wa Nairobi, Mombasa na Dar mnaotaka kuagiza: STI za kabla ya modeli ya 2005 zina nati za 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100), kuanzia 2005 ni 5x114.3, ilhali kwa zenye Brembo za pistoni nne diski za mbele ni 326 pande zote mbili. Mtajie muuzaji mwaka na namba ya chesisi, asikutumie isiyoingia. Na ukinunua aina yoyote yenye mapezi ya hewa yaliyopinda, kuna ya kulia na ya kushoto. Usiangalie michirizi, chungulia ndani: ncha za nje za mapezi zilalie nyuma, kinyume na tairi linakozunguka, ndipo hewa isukumwe kutoka katikati kwenda nje.

Msimu ujao naongeza mabomba ya hewa kutoka bampa ya mbele hadi katikati ya diski. Nataka kuona kama ile rangi ya chungwa kwenye diski mpya itabaki bila kugeuka.