Mafunzo ya Kuchonga Nakshi, Langoni, Lamu

Kwa miezi saba nimehudhuria mafunzo ya kuchonga katika karakana moja ya mtaa wa Langoni, nami nayasifu bila kusita, ingawa hayamfai mtu mwenye haraka. Mwezi wa kwanza sikuruhusiwa kugusa mbambakofi, ule mti mgumu wa kuchongea milango; nilipewa vipande vya mbao laini nikarudia waridi lilelile, na kila patasi ilipoteleza ikamega ukingo, fundi alikipiga randa kipande hadi kikawa cheupe, kisha akanirudishia akisema, "Rejea tena, mwanangu." Niliwahi kukata tamaa, nikakaa wiki mbili bila kwenda. Niliporudi nilikikuta kipande changu palepale mezani, mistari ya penseli haijafutika, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ada ni ya wastani na vifaa hutolewa. Kasoro ni mwanga hafifu wa jioni, nao ni jambo zito, kwa kuwa mchongaji huupima undani wa nakshi kwa kivuli chake. Katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ambako milango ya kale ingali ikifunguliwa kila alfajiri, mafunzo haya yanastahili taa bora. Juma lililopita nilikabidhiwa mbambakofi.