Kipima chumvi cha mkononi: nilikiamini kuliko bahari

Kifaa hiki, kile cha bomba la chuma chenye kioo cha buluu upande mmoja na tundu la kuchungulia upande wa pili, nilikiagiza Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, nacho kikanifikia Mtwara kwa basi kikiwa salama ndani ya kisanduku chake, pamoja na bisibisi ndogo. Huu ni mwezi wa nane nakitumia kwa tangi la kioo la lita 120 ninalofugia matumbawe laini na vipande vinne vya matumbawe magumu, vyote vilivyokatwa katika tangi la rafiki yangu, si kuvunjwa baharini. Nakipendekeza, ila kwa sharti moja ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja.

Karatasi hiyo inaagiza kudondosha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, juu ya kioo, kuchungulia, kisha kuuzungusha msumari mdogo wa juu hadi mstari ukae kwenye sifuri. Nilifanya hivyo kwa uangalifu. Wiki hiyohiyo nilikwenda kuchota maji ya bahari Msimbati, wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamejaa, na nilipoyapima nyumbani kifaa kikaonyesha 38. Kwa kuwa nilijua kwamba maji ya bahari kuu huwa na chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo, nilidhani madumu yangu yalikuwa na mabaki ya chumvi, nikayapunguza makali kwa maji ya mvua mpaka kifaa kikasoma 35. Baada ya majuma kadhaa matumbawe laini yakaanza kujikunja mchana kutwa, na yale magumu, ambayo awali yalikuwa yakiongeza ukingo mweupe wa ukuaji, yakasimama palepale.

Kosa lilikuwa mara mbili. Kifaa cha aina hii hupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, na vingi vya bei nafuu vimechorwa mistari kwa kufuata chumvi ya mezani, ilhali maji ya bahari yana magnesi, kalsi na salfeti zinazoupinda mwanga kwa kiasi tofauti. Maji ya bahari ya 35 huupinda mwanga sawa na maji ya chumvi ya mezani ya 36.5, kwa hiyo kifaa kama hiki huongeza moja na nusu hata kikiwa kizima. Juu ya hapo, changu kilikuwa sahihi kwenye sifuri lakini kikizidi kupotoka kadiri chumvi inavyoongezeka, jambo ambalo kipimo cha maji baridi hakiwezi kulifichua.

Dawa yake ni kukirekebisha pale pale unapokihitaji, yaani kwenye 35, si kwenye sifuri. Nilipima gramu 36.5 za chumvi laini ya mezani, iliyokaushwa vizuri, kwa mizani ya sonara, nikaziyeyusha katika gramu 963.5 za maji ya betri (yale yasiyo na asidi, tafadhali). Chumvi ya mawe ya mashambani kwetu, pamoja na utamu wake kwenye samaki wa kuchoma, haifai hapa kwa sababu hubeba unyevu na madini mengine. Maji hayo yalipaswa kusomeka 35, yakasomeka 38. Nikaurudisha msumari hatua tatu, na tangi langu, nililokuwa nikilisifia, likasoma 32.

Tofauti hiyo ya hatua tatu si ndogo kwa tumbawe, kwa kuwa maji yakipunguzwa chumvi, kila kitu kilichomo hupungua kwa uwiano uleule: kalsi ya miligramu 420 kwa lita, ambayo tumbawe gumu huitumia kujenga mifupa yake, hushuka hadi 384 hivi. Sikurudisha chumvi kwa pupa. Feni ninayoielekeza juu ya maji ili joto lisivuke nyuzi 27 hukausha lita mbili kwa siku, ambazo kwa kawaida huzifidia kwa maji baridi. Kwa siku tano nilizifidia kwa maji ya Msimbati, na tangi likapanda taratibu hadi karibu na 35.

Dosari nyingine ni ya hali ya hewa yetu. Kifaa kimeandikwa kwamba hujirekebisha chenyewe kati ya nyuzi 10 na 30, na chini ya bati la Mtwara mwezi wa Desemba nyuzi 30 hupitwa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo napima alfajiri, na baada ya kudondosha maji nasubiri nusu dakika kabla ya kuchungulia. Hata hivyo kinakishinda mbali kile kipimo cha plastiki chenye mkono, ambacho povu moja likinata chini ya mkono hukupa namba ya uongo.

Muuzaji nilimwandikia kumuuliza mistari ilichorwa kwa chumvi gani. Alijibu kwa heshima kwamba chumvi ni chumvi.

Sikukirudisha. Sasa maji ya mvua yakiwekwa juu ya kioo, mstari huzama chini ya sifuri, nje kabisa ya namba, na mdogo wangu amekwisha kuniambia mara mbili kwamba kifaa kimeharibika. Nimebandika karatasi kwenye kisanduku kumwomba asiuguse ule msumari.