Uzoefu wangu: siku 4 na gari la kukodi, kutoka mawe ya Shetani hadi mchanga wa Tiwi

Mimi na mume wangu tunaishi Tudor, na gari letu wenyewe ni dogo, la kuendea Kongowea na kurudi. Tulipoamua kwenda Tsavo Magharibi kupanda vilima vya volkano kisha kumalizia safari ufukweni Tiwi, tulikodi gari lililoinuka juu linalosukumwa na magurudumu yote manne kutoka kampuni moja ya hapa Mombasa, kwa shilingi 8,500 kwa siku na amana ya shilingi 30,000. Sitaitaja kampuni hiyo, kwa kuwa nia yangu ni kumsaidia anayetaka kukodi gari kwa safari ya aina hii.

Gari lililetwa hadi mlangoni kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likiwa safi na lenye mafuta, na kijana aliyelileta alikuwa mwenye adabu. Alizunguka nami akipiga picha kila mkwaruzo, tukatia sahihi, akaenda zake. Buti hakuifungua, wala mimi sikumwambia aifungue. Marehemu baba, aliyeendesha malori ya masafa hadi Malaba, asingetoka uani kabla ya kulipiga teke tairi la akiba.

Barabarani sina lawama. Kiyoyozi kilifanya kazi vizuri hata katika joto la Voi, shokomzoba zilikuwa imara, na tulifika Mtito Andei kabla ya adhuhuri ingawa malori yalitubana sana karibu na Mariakani. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, nasi tulikuwa tumelipa tangu nyumbani, jambo ambalo ningelisisitiza kwa kila msafiri, kwani langoni pesa taslimu hazipokelewi.

Mawe ya Shetani yako nje kidogo ya lango la Chyulu. Ni mto mweusi wa lava iliyoganda, wenye urefu wa kilomita 8 hivi, uliomwagika katikati ya karne ya 19, ukachukua jina hilo kwa sababu wenyeji walioushuhudia moto ukitoka ardhini waliamini kwamba shetani mwenyewe ndiye aliyetoka. Baada ya miaka yote hiyo bado mimea ni michache mno juu yake. Tulitembea tukisindikizwa na askari mwenye bunduki, na nilijifunza upesi kwamba viatu vya raba vyenye soli laini havifai kabisa, maana mawe yale yana makali kama chupa iliyovunjika, na mume wangu aliyeteleza mara moja tu alirudi na kiganja kilichochanika.

Makali hayohayo ndiyo yaliyotushika tulipokuwa tukielekea kilima cha Chaimu. Tairi la nyuma la kushoto lilichanika ubavuni, mahali ambapo hapazibiki. Tulipofungua buti tukakuta tairi la akiba limekwisha kashata, yaani meno yake, na upepo wake ni nusu, jeki ipo lakini mpini wake haupo. Tulikaa hapo zaidi ya saa nzima, na kwa kuwa ndani ya hifadhi mtu hashuki garini ovyo, hatukuweza hata kwenda kutafuta msaada. Dereva mmoja wa watalii alisimama, akatoa jeki yake na kutufungia tairi lile la akiba, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, ukilipokea gari, anza na buti." Simu niliyopiga kwa kampuni ilijibiwa kwa heshima, ila jibu lilikuwa kwamba tairi, vioo na tumbo la gari havimo katika bima, kama ilivyoandikwa kwenye mkataba. Nilipousoma usiku ule nikakuta kweli ndivyo ilivyoandikwa, kwa maandishi madogo, ukurasa wa pili. Alasiri yote ikaishia kwa fundi wa pancha Mtito Andei, tulikonunua tairi lililotumika kwa shilingi 6,000.

Kesho yake tulipanda Chaimu. Kilima si kirefu, lakini kokoto zake nyeusi huporomoka chini ya mguu, ukipanda hatua mbili unarudi moja. Tulimalizia kwenye chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haitiririki juu ya ardhi, bali huzama katika mwamba wenye vitundu na kuchujwa humo, hata ikatokea Mzima ikiwa angavu kiasi cha kumwona kiboko akitembea chini ya maji. Sehemu ya maji hayo huletwa Mombasa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Mume wangu aliyatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiyo haya tunayoyasubiria na mitungi Tudor."

Kwenda Tiwi tulipita barabara ya Dongo Kundu, hivyo hatukupanga foleni ya feri Likoni. Njia ya kushukia ufukweni ni ya udongo na mchanga, na hapa gari lilijilipia lenyewe, kwani halikukwama hata mara moja. Maji yalipokupwa tulitembea hadi mlango wa mto Mwachema, tukavuka kwa miguu na kuutazama msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu. Siku mbili za Tiwi hazina kisa.

Wakati wa kurudisha gari, kampuni ilitaka kukata shilingi 1,500 za kuosha mchanga na tena bei ya tairi jipya. Niliwaonyesha risiti ya fundi na picha ya tairi la akiba niliyoipiga palepale Chaimu. Pesa ya tairi waliiacha, ya mchanga wakaikata, na amana iliyobaki iliingia kwenye simu yangu baada ya siku 9. Ya mpini wa jeki hawakusema neno.