Uzoefu wangu na kiini cha rozimari: kwenye dumu la alizeti, na mwilini mwangu

Natengeneza mafuta ya ngozi na nywele nyumbani kwangu Tabata, huu ni mwaka wa nne. Alizeti yangu inatoka kwa mama, Singida. Anakamulisha kwenye mashine ya jirani, anachuja kwa kitambaa mara mbili, dumu la lita 20 linapandishwa basi na mimi nalipokea Dar likiwa bado linanukia mbegu. Shida inaanza hapo hapo. Joto la huku si la Singida. Novemba iliyopita wateja watatu walinirudishia chupa ndani ya wiki moja, na mmoja wao, mama wa makamo ninayemheshimu sana, aliniambia taratibu: "Mwanangu, haya mafuta yananuka kama rangi ya mbao." Nilinusa. Alikuwa na haki. Yalikuwa yamechacha.

Ndivyo nilivyokutana na kiini cha rozimari, kinachotolewa kwenye majani ya kiungo hicho cha jikoni na kutiwa kwenye mafuta ili yasichache. Nimekitumia miezi saba sasa, kwenye mafuta ninayouza, na kwa muda pia nilikimeza kama vidonge. Naandika yote mawili kwa sababu wanaokiuza huyachanganya, na mimi mwenyewe niliyachanganya kwa gharama yangu.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijaanza. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni "mafuta ya rozimari ya kuzuia kuchacha". Kikaja kichupa cha mililita 10, kimiminika cheupe chepesi kama maji, harufu kali inayopanda puani kama ya kafuri. Hayo ni mafuta ya harufu, yale yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani. Yananukia vizuri, lakini mvuke hauchukui vitu vizito vinavyolinda mafuta. Vile hubaki kwenye majani. Kwa hiyo ukiona jina rozimari dukani, jua kuna vitu vitatu tofauti: majani makavu ya kupikia, mafuta ya harufu, na kiini chenyewe, ambacho kwenye lebo nyingine huandikwa dondoo. Bei hazilingani na kazi hazilingani.

Kiini halisi nilikipata kwa muuzaji wa malighafi za vipodozi, gramu 50 kwa shilingi 42,000. Ni kizito, rangi ya kijani iliyokolea inayoelekea kahawia, kinanata kwenye kijiko kama asali. Harufu yake ni ya majani yaliyopondwa, si ya manukato. Lebo ilisema majani yalitoka Moroko, kiini kimechanganywa kwenye mafuta ya alizeti, na asidi ya kanosiki, ndiyo hasa inayolinda mafuta, ni asilimia 5. Hicho kiwango ndicho cha kuuliza kabla hujatoa pesa. Muuzaji asiyeweza kukuambia asilimia ya asidi ya kanosiki anakuuzia rangi ya kijani.

Sikutaka kuamini maneno, nikafanya jaribio langu. Tarehe 3 Februari nilimimina mafuta ya dumu moja kwenye mitungi mitatu ya kioo. Wa kwanza sikuutia kitu. Wa pili nilitia yale mafuta ya harufu niliyouziwa mwanzo. Wa tatu nilitia kiini, gramu 2 kwa kila kilo ya mafuta, nikipima kwa mzani mdogo kama wa sonara maana kijiko hakiaminiki kwa vipimo hivi. Nikaiweka yote dirishani jikoni, mahali pabaya kuliko pote, jua la asubuhi na joto la jiko. Kila Jumapili nilinusa, na nilimwita jirani yangu anuse bila kumwambia upi ni upi.

Katikati ya Machi mtungi wa kwanza ulianza ile harufu ya rangi ya mbao. Wa pili ulifuata wiki hiyo hiyo. Manukato yaliuficha siku chache, kisha uvundo ukatokeza chini yake. Mtungi wa tatu ulifika mwisho wa Mei ukiwa mzima. Jirani alipouchagua kwa mara ya nne mfululizo, niliacha kumsumbua. Mimi si maabara, najua pua si kipimo cha peroksaidi, zile kemikali zinazoonyesha mafuta yameanza kuharibika, lakini wateja wangu nao wananunua kwa pua.

Kinachotokea humo ndani nilikielewa vizuri zaidi nilipokifikiria kama moto wa nyika kule nyumbani. Alizeti ya kawaida imejaa asidi ya linoleiki, mafuta mepesi ambayo oksijeni huyashambulia kirahisi, hasa penye joto na mwanga. Chembe moja ikipoteza atomu yake ya haidrojeni inapagawa, inanyang'anya ya jirani, jirani naye ananyang'anya ya mwenzake, mpaka dumu zima linanuka. Asidi ya kanosiki na ndugu yake kanosoli huipa chembe iliyopagawa kile inachokitafuta, nayo ikatulia. Kama ile njia tunayofyeka kuzunguka shamba: moto ukifika pale unakosa cha kula. Hiyo ndiyo maana ya antioksidanti, wala haina muujiza. Alizeti ina ulinzi wake wa asili pia, vitamini E, ila kwa safari ya basi na joto la Dar hautoshi. Na kwa kuwa kanosiki na kanosoli zinayeyuka kwenye mafuta, zinakaa pale pale penye vita.

Viwanda vya chakula vinalijua hili siku nyingi. Umoja wa Ulaya uliruhusu kiini cha rozimari kama kiongezo cha chakula mwaka 2010, kwa namba E392. Kama una pakiti ya soseji au krispi za viazi kutoka huko, tazama orodha ya viambato, utaikuta mara nyingine mahali ambapo zamani ingeandikwa BHA au BHT, ambazo ni antioksidanti za kutengenezwa maabara.

Hata hivyo kina mipaka, na hii niliijua kwa hasara. Nilitia kiini kwenye krimu ya shubiri nikidhani nimeshapata kinga ya kila kitu. Baada ya siku kumi na mbili kulikuwa na ukungu juu yake, kopo kumi na nane zikaenda jaani. Kiini kinazuia oksijeni. Hakiui vimelea kwa kiasi cha kutegemewa. Bidhaa yoyote yenye maji inahitaji kihifadhi cha kuua ukungu na bakteria, na hapo rozimari haikusaidii. Pia hakirudishi mafuta yaliyokwisha kuchacha. Na ninyi wa pwani mnaotumia mafuta ya nazi matupu, msipoteze pesa: nazi karibu yote ni mafuta yaliyoshiba, oksijeni haina pa kushika kirahisi. Kinunueni kwa ajili ya alizeti na mafuta mengine mepesi ya aina hiyo.

Sasa vidonge. Muuzaji yule yule, alipoona nimefurahi, aliniambia kuna vidonge vya kiini hicho hicho: vinasafisha damu, vinaongeza kumbukumbu, vinashusha sukari, vinazuia saratani. Nilifikiri hivi: kama kinalinda mafuta yangu dirishani, si kitalinda na mwili wangu? Wengi wanafikiri hivyo, na wazo lenyewe halina ubaya. Nilinunua chupa ya vidonge 60 kwa shilingi 55,000, nikameza viwili kwa siku, asubuhi na jioni pamoja na chakula, mwezi mzima.

Niseme ukweli: sikuhisi tofauti yoyote ninayoweza kuishikia kiapo. Sikulala vizuri zaidi, sikukumbuka zaidi. Kilichonishtua ni hesabu niliyoifanya nikiwa nimebakiza vidonge sita. Lebo ilisema kila kidonge kina miligramu 400 za kiini, asilimia 6 asidi ya kanosiki. Hiyo ni miligramu 24 kwa kidonge, 48 kwa siku. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, inayoshughulikia viongezo vya chakula iliweka mwaka 2016 kikomo, kwa muda tu wakati ikisubiri taarifa zaidi: miligramu 0.3 za kanosiki na kanosoli kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Mimi nina kilo 62. Kikomo changu ni kama miligramu 19. Nilikuwa nameza zaidi ya mara mbili yake, na nilikuwa nafuata maelekezo ya chupa. Kikomo cha namna hii huwekwa kwa tahadhari kubwa, kukivuka hakumaanishi umekula sumu, ila nilitarajia mtu aliyeandika "asilia na salama" awe amepiga hesabu hiyo kabla yangu.

Jambo la pili linawahusu wanawake wenzangu zaidi. Mimi nina historia ya upungufu wa damu, na wakati huo nilikuwa natumia vidonge vya madini ya chuma nilivyopewa kliniki. Nilipomwambia muuguzi kuhusu rozimari alinikataza kuvimeza pamoja, kama anavyokataza chai. Nilikwenda kusoma nikakuta ana sababu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanawake waliopewa chakula kilichotiwa kiini cha rozimari walifyonza madini ya chuma kidogo kuliko walipokula chakula hicho bila kiini. Ni yale madini ya kwenye maharage, mchicha na nafaka, ambayo ndiyo wengi wetu tunayategemea. Vitu vile vile vinavyolinda mafuta dhidi ya oksijeni hushikana na chuma. Damu yangu ilipopimwa mwezi uliofuata haikuwa imepanda. Sisemi rozimari ndiyo chanzo, nakunywa chai nyingi pia, lakini nilikuwa nalipa 55,000 kwa kitu kinachoweza kubishana na dawa yangu.

Kuhusu kumbukumbu, utafiti upo, na unafundisha kitu kingine kabisa kuliko anachosema muuzaji. Mwaka 2012 wazee 28 walipewa unga wa majani ya rozimari kwa vipimo tofauti. Kipimo kidogo, miligramu 750, ambacho kinakaribia kiasi cha kutia kwenye chakula, kiliongeza kasi yao ya kukumbuka. Kikubwa, miligramu 6,000, kiliwarudisha nyuma. Kundi lenyewe ni dogo na ni jaribio la muda mfupi, lakini mtu akinieleza "ukiongeza dozi unapata zaidi" namjibu kwa hilo. Na ule usemi kwamba antioksidanti haina madhara ulishapata jibu lake Finland mwaka 1994: wavuta sigara wa kiume zaidi ya 29,000 walifuatiliwa, na waliopewa vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti, waliugua saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Betakarotini si rozimari. Ila ilikuwa antioksidanti iliyosifiwa kwa maneno haya haya.

Nywele ndizo zinaniletea maswali mengi kuliko yote, kila wiki mtu anauliza kama mafuta yangu yanaotesha. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Iran, ukachapishwa mwaka 2015: watu 100 wenye upara wa kurithi, nusu walipaka mafuta ya rozimari, nusu minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa na ongezeko la nywele, bila tofauti kubwa kati yao. Baada ya miezi mitatu hakukuwa na badiliko la maana. Hakukuwa na kundi lililopaka kitu kisicho na dawa ili kulinganisha. Na tazama tena: yale yalikuwa mafuta ya harufu, si kiini ninachotia mimi. Kwa hiyo kwenye chupa zangu nimeandika kiini cha rozimari kinalinda mafuta yasichache, basi. Nimepoteza wateja wawili waliotaka ahadi. Wengine wamerudi.

Vidonge nimeviacha, na rozimari naila kwenye viazi na nyama ya kuchoma, majani yenyewe. Mwenye mimba, mwenye kifafa, au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asiguse vidonge wala mafuta ya harufu kabla ya kumwuliza daktari, na mafuta ya harufu hayanywewi na mtu yeyote. Kiini cha kwenye dumu nitaendelea kukinunua bila kusita. Gramu 50 zinanilindia kilo 25 za alizeti, sawa na shilingi 1,680 kwa kilo, na tangu Machi hakuna chupa iliyorudi.

Kuna kitu kimoja nilichelewa kukijua: kinga ianze siku ya kukamua, kabla oksijeni haijaanza kazi, wala si dumu likishafika Tabata baada ya safari. Nilimpigia mama kumweleza.

"Shikamoo mama. Nataka nikutumie dawa ya kutia kwenye mafuta ukishachuja."

"Marahaba mwanangu. Dawa ya nini tena? Mafuta yangu yana ugonjwa?"

Nilimweleza habari ya njia ya moto, akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Akauliza kama kinaweza kukaa kwenye mafuta tunayokula. Nikamwambia ndiyo, kwa kipimo kidogo, na kiwe kile kilichoandikwa cha chakula, si hiki changu cha vipodozi. Hicho ndicho ninachokitafuta sasa. Alizeti imeshavunwa, mashine ya jirani inaanza wiki ijayo, na mzani nimeshaufunga kwenye begi.